Hiari ya nani? Karatasi ya kujizuia kuuza nje na waliokuwa wakiikagua Geneva

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina karakana ya ushonaji Ngamiani, Tanga, cherehani tisa. Tunashona mikoba ya mkonge yenye bitana ya kanga, na magauni ya pamba kidogo. Mwezi uliopita wakala wa mnunuzi wetu wa Ulaya alituita wenye karakana wanne, akatupa karatasi tutie sahihi kwamba 'kwa hiari yetu' hatutapeleka zaidi ya idadi fulani ya mikoba kwa mwaka, ati wenye viwanda wa kule wasije wakalalamika kwa serikali yao. Mwenzetu mmoja akasema zamani mambo haya yalikuwa na chombo chake Geneva cha kuyaangalia. Ni kweli? Kipo mpaka leo? Na hiyo hiari, nani anapima kama ni hiari kweli?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka: usitie sahihi kwanza. Sababu zinakuja, ila nisingependa uzisome wakati wino umeshakauka.

Mwenzenu amesema kweli. Chombo kilikuwepo Geneva, tena viwili, kimoja kikirithi kingine. Cha kwanza kilianza kazi mwaka 1974, cha pili kikafikia kikomo mwanzoni mwa 2005. Leo hakuna chombo cha nguo peke yake. Kuna sheria, na sheria hiyo ina upenyo, na karatasi yenu imepita humo humo. Lakini upenyo huo huwezi kuuona mpaka ujue hiari ya namna hii ilizaliwaje.

Turudi miaka ya 1950. Japani imetoka vitani, inashona usiku na mchana. Maduka ya Marekani yanajaa blauzi za pamba za Kijapani za dola moja moja, na wenye viwanda wa kusini mwa Marekani wanapiga mayowe. Mwaka 1956 majimbo ya South Carolina na Alabama yalifika hadi kutunga sheria kwamba duka linalouza nguo za Kijapani libandike tangazo la kusema hivyo. Hebu vuta picha ya hapo Ngamiani, kila duka la kanga lina kibao mlangoni: "Humu mna kanga za kutoka India." Serikali ya Washington haikutaka kufunga mlango hadharani, maana yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiwahubiria wengine biashara huria, na Japani ilikuwa ndiyo kwanza imeingia GATT, mkataba wa mataifa wa ushuru na biashara, mwaka 1955. Basi Januari 1957 Japani ikatangaza kwamba yenyewe, kwa ridhaa yake, itajizuia kwa miaka mitano: nguo za pamba zisizidi yadi za mraba milioni 235 kwa mwaka, zikiwa zimegawanywa kwa aina.

Waswahili husema hiari yashinda utumwa. Hiari hii ilikuwa ya mtu anayeambiwa "kaa upendapo" huku kiti kilichobaki ni kimoja.

Kwa nini Marekani isizuie yenyewe? Kwa sababu mkataba wa GATT ulikuwa umeibana. Ibara ya 11 ilikataza kuweka ukomo wa idadi ya bidhaa zinazoingia. Ibara ya 19 iliruhusu nchi ijikinge kwa dharura, ila kwa masharti machungu: hatua imguse kila muuzaji, si Mjapani tu, na walioumia wafidiwe au walipize. Kumbana mmoja tu bila kumlipa, sheria haikukubali. Lakini huyo mmoja akijifunga mkono mwenyewe, kesi hiyo ataifungua nani? Yeye ametia sahihi. Mnunuzi ndiye aliyeomba. Anayeumia ni mama wa Chicago anayelipia shati bei ya juu, na kijana wa Osaka aliyefungua kiwanda mwaka jana akakuta mgawo umekwisha. Hao hawana kiti GATT. Ukiniuliza udhaifu wa usimamizi wote uliofuata ulitokea wapi, nitakwambia ulitokea hapa, kwenye kosa lisilo na mlalamikaji.

Na usidhani muuzaji alitia sahihi kwa woga mtupu. Kulikuwa na asali pembeni. Tuseme mkoba wako unauuza dola 10, na kule sokoni mikoba haitoshi, bei inapanda kufika 13. Ingekuwa serikali yao imeweka ushuru, hizo 3 zingeingia kwenye hazina yao. Lakini unapojizuia wewe, hizo 3 zinaingia mfukoni mwako wewe mwenye ruhusa ya kupeleka. Hong Kong ruhusa zenyewe ziligeuka bidhaa: mwenye mgawo aliweza kuuza karatasi yake kwa mwenye kiwanda, akala bila kushika sindano. Ndiyo maana mikataba hii haikuwa na adui wengi kati ya wakubwa wa pande zote mbili. Mgawo ulitolewa kwa kuangalia uliuza kiasi gani miaka iliyopita. Mwenye cherehani tisa hana miaka iliyopita ya kuonyesha. Swali hilo uliulize kwenye kikao chenu: ile idadi ya kila karakana imepigiwa hesabu kwa mwaka gani? Nina wasiwasi kuna mmoja kati yenu wanne ambaye amefurahi.

Japani alipojifunga, Hong Kong akaingia palepale alipotoka Mjapani. Ukiziba tundu moja la panya, atachungulia kwenye jingine. Kwa hiyo mikataba ya watu wawili wawili ikaonekana haitoshi, ikatafutwa dari ya kuifunika yote. Mwaka 1961 ukaja mpango wa muda mfupi wa nguo za pamba, 1962 wa muda mrefu, nao ulirefushwa na kurefushwa hadi 1973. Kufikia 1971 Marekani ilikuwa imeshazifikisha Japani, Korea Kusini, Taiwan na Hong Kong kujizuia hata kwa sufu na nyuzi za viwandani. Dari ikahitaji kupanuliwa. Ndipo Januari Mosi 1974 ulipoanza Mkataba wa Nyuzi Mbalimbali, maarufu kwa herufi zake MFA.

MFA ulikuwa na ibara iliyounda Chombo cha Uangalizi wa Nguo, TSB: mwenyekiti na wajumbe wanane, wenye kuagiza na wenye kuuza wakiwa na viti. Kazi yake ilikuwa hii. Nchi mbili zikikubaliana kwamba mmoja ajizuie, mkataba wao ulipaswa kufikishwa mbele ya TSB ndani ya siku 30 tangu uanze kutumika. Wajumbe wanaketi nao. Wanauliza: je, kweli soko la mnunuzi limevurugika, au ni kelele za mwenye kiwanda mmoja? Je, ukomo unakua kila mwaka? Kanuni ilitaka ukue kwa asilimia 6, isipokuwa kuna sababu maalumu. Je, muuzaji ameachiwa nafasi ya kujipapatua? Aruhusiwe kuhamisha asilimia kadhaa kutoka mashati kwenda suruali, na kubeba masalio ya mwaka uliopita au kukopa kidogo ya mwaka ujao. Mkataba ukipungukiwa, TSB inatoa pendekezo.

Neno lenyewe ndilo hilo, pendekezo. Mkataba ulisema nchi "zitajitahidi" kuyakubali kikamilifu. Nchi ikishindwa, inaeleza sababu. Basi. Halafu MFA uliporefushwa mwishoni mwa 1977, Jumuiya ya Ulaya ilidai na ikapata kifungu cha kuruhusu pande mbili zikubaliane kuachana na baadhi ya masharti kwa kiasi "kinachofaa". Ukitazama vizuri, kifungu hicho kilimvua mkaguzi miwani. Mkaguzi yupo ili kuhakikisha mdogo habanwi kupita kanuni, kisha unamwambia: mdogo mwenyewe akisema amekubali kubanwa, nyamaza.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema TSB ilikuwa pambo. Kabla yake mikataba mingi ilikaa kwenye madroo. Baada yake kila mkataba ulipaswa kuwekwa mezani, ukasomwa na mataifa mengine. Mjumbe wa Pakistan aliweza kuona India imepewa ukuaji wa asilimia ngapi, akarudi kwenye mazungumzo yake akiwa na kipimo. Kwa mnyonge anayejadiliana na tajiri, kujua jirani kapewa nini ni nusu ya nguvu. Ninyi wanne, hivi mmeonyeshana karatasi zenu?

Nikueleze kitu nilichokiona kwa macho, maana herufi hizi zote zinachosha. Mwaka 1994 Marekani iliiwekea Kenya ukomo kwa mashati na foronya. Ndiyo, foronya za mito. Mwaka uliofuata nilikuwa nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, nikavuka Horohoro kwenda Mombasa kwa shughuli nyingine kabisa, nikamfuata binamu yangu aliyekuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha mashati. Stoo ilikuwa imejaa maboksi mpaka chini ya feni, na feni imezimwa kwa sababu mapanga yake yangegonga boksi la juu. Nje ya kila boksi pameandikwa idadi kwa dazeni, maana mgawo wa mashati ulihesabiwa kwa dazeni. Ukutani, kwa penseli, binamu alikuwa akipunguza: zilizobaki, toa zilizopakiwa, zilizobaki. Tarakimu ya mwisho aliizungushia duara mara mbili. Nikamuuliza hayo maboksi mengine je? Akasema yanasubiri Januari. Mashati yameshonwa, vifungo vipo, mnunuzi anayataka, meli ipo, na yanasubiri kalenda. Wasichana wa zamu ya mchana walikuwa wamekaa barazani wanasukana nywele. Huo ndio ukomo, ukiuona bila karatasi. Haukuondoka mpaka Marekani ilipopitisha mwaka 2000 AGOA, sheria ya kuzifungulia nchi za Afrika soko lake, ambayo ilizitaja Kenya na Mauritius kwa jina kwamba ukomo wao ufutwe.

Nilipokuwa natazama maboksi yale, Geneva kulikuwa na zamu mpya. Shirika la Biashara Duniani, WTO, lilianza Januari Mosi 1995, na ndani yake ulikuwemo Mkataba wa Nguo na Mavazi wa kuizika MFA taratibu kwa miaka kumi. Mazishi yalikuwa ya awamu: kwa kipimo cha shehena za mwaka 1990, asilimia 16 ya bidhaa zirudi kwenye sheria za kawaida siku ile ile ya kwanza, 17 nyingine 1998, 18 mwaka 2002, na 49 zilizobaki siku ya mwisho, Januari Mosi 2005. Unaona ujanja? Karibu nusu iliachwa ukingoni mwa kaburi. Tena nchi tajiri zilichagua zenyewe bidhaa za kuanzia, zikatanguliza kilichokuwa hakina ukomo tangu zamani. Kwa miaka mingi zilifungua milango ambayo haikuwa imefungwa.

TSB ikampisha TMB, chombo kipya chenye mwenyekiti na wajumbe kumi. Hawa walitakiwa kukaa kwa nafsi zao, wasiwe midomo ya serikali zilizowateua, na uamuzi ulipatikana kwa muafaka bila kuhesabu mjumbe wa nchi yenye kesi. Tofauti kubwa ni kwamba nyuma ya TMB palikuwa na mahakama. Asiyeridhika aliweza kwenda kwenye usuluhishi wa migogoro wa WTO, na hukumu yake haikuwa "jitahidi".

Kesi tatu zitakuonyesha meno hayo yalivyouma, zote dhidi ya Marekani.

Costa Rica ndiyo naipenda zaidi, kwa sababu ni nchi ndogo. Mwaka 1995 Marekani iliita nchi kadhaa kwa ajili ya chupi na nguo za ndani za pamba na nyuzi za viwandani, ikitaka zijizuie. Baadhi zilikubaliana. Costa Rica ilikataa. Marekani ikaweka ukomo kwa nguvu. TMB ikakaa, ikaona madhara makubwa hayajathibitishwa, lakini juu ya kama kuna tishio la madhara, wajumbe wakashindwa kupata muafaka. Yaani mkaguzi alikwama katikati ya daraja. Costa Rica ikapanda ngazi, na Februari 1997 Baraza la Rufaa la WTO likamaliza kesi kwa faida yake.

India ilikuwa na mashati na blauzi za sufu. Huku TMB yenyewe iliafiki kwamba tishio lipo. India ikapinga, jopo la waamuzi wa WTO likaona Marekani imekosea. Mkaguzi alipitisha, hakimu akakataa.

Pakistan ilikuwa na uzi wa pamba, kuanzia Machi 1999. Safari hii TMB iliiambia Marekani iondoe ukomo. Marekani ikajibu haiwezi, ikatoa sababu zake, ukomo ukabaki. Ilibidi Pakistan ifike hadi Baraza la Rufaa, Oktoba 2001, ndipo ukaondolewa mwezi uliofuata. Hesabu mwenyewe: ukomo uliowekwa kwa miaka mitatu, ushindi umekuja miaka miwili na nusu baadaye. Uzi hausubiri.

Sasa tufike kwenye sheria inayokuhusu wewe leo. Pamoja na WTO ulikuja Mkataba wa Hatua za Kujikinga, na Ibara yake ya 11 ndiyo iliyoua hiari. Inasema nchi mwanachama haitatafuta, haitachukua wala haitadumisha mpango wowote wa kujizuia kwa hiari kuuza nje, au wa kupanga soko kwa utaratibu, au kitu kinachofanana na hivyo, kwa upande wa muuzaji au wa mnunuzi. Tanbihi yake inataja hata majina mengine ya kujifichia: kupunguza mauzo kwa kiasi, kufuatilia bei, leseni za kupewa kwa utashi wa ofisa. Iliyokuwepo ilipewa miaka minne ya kufutwa, na kila nchi mnunuzi iliruhusiwa kubaki na moja tu hadi mwisho wa 1999. Ulaya iliitumia nafasi yake kwa magari ya Japani. Kamati ya Hatua za Kujikinga huko Geneva ndiyo iliyopewa kazi ya kufuatilia ufutaji huo, na ndiyo iliyopo hadi leo.

Lakini Ibara ya 11 inazungumza na serikali. WTO haina mkataba na wewe, wala na wakala wako. Kwa kampuni binafsi imeweka kifungu kimoja kifupi tu: serikali zisihimize wala zisiunge mkono kampuni, za umma au za watu binafsi, kuweka mipango inayolingana na ile iliyokatazwa. Huu ndio upenyo niliokuambia. Karatasi ikiandikwa na kampuni, ikatiwa sahihi na mafundi wanne wa Tanga, na hakuna ofisa wa serikali yoyote aliyeinong'oneza, Geneva haina pa kuishika. Kukiwa na mkono wa ofisa nyuma yake, hata kwa barua pepe ya mstari mmoja, inakuwa jambo jingine. Ndiyo maana nataka kujua hao "wenye viwanda wa kule" wameshazungumza na wizara yao au bado.

Na usifikiri sheria hiyo ilimaliza tabia. Mwaka 2005 ukomo ulipofutwa, nguo za China zilifurika. Juni mwaka huo Ulaya na China zilikubaliana Shanghai kupunguza kasi, na ilipofika Agosti mamilioni ya sweta, suruali na sidiria yalikuwa yamekwama kwenye bandari za Ulaya, yamelipiwa na wenye maduka wa Ulaya wenyewe. Marekani ikaandikiana yake na China Novemba. Hayo yalikuwa na kibali, kwa kuwa China ilipoingia WTO mwaka 2001 ilikubali kifungu maalumu cha nguo hadi mwisho wa 2008. Afrika Kusini nayo ikakubaliana na China, ukomo ukaanza Januari 2007 kwa miaka miwili. Matokeo yake unaweza kuyakisia kutokana na kisa cha Japani na Hong Kong: China ikapungua, wauzaji wengine wa bei nafuu wakajaza pengo, na mafundi wa Afrika Kusini hawakupata nafuu waliyoahidiwa.

Turudi Tanga. Mkonge una historia yake katika mambo haya, na nashangaa haitajwi. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge, kisha bei ikaporomoka. Mwaka 1967 nchi wazalishaji, Tanzania ikiwemo, zilikutana chini ya FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, na kukubaliana, kwa njia isiyo rasmi, bei za kulenga na mgawo wa kuuza nje. Babu zetu wa mashamba ya Muheza na Korogwe waliujua mgawo kabla ya fundi yeyote wa shati. Ila ule ulikuwa mgawo wa wauzaji waliokaa pamoja kupandisha bei yao wenyewe. Wenu umeandikwa na wakala wa mnunuzi. Hata huo wa babu haukuweza kushindana na kamba za plastiki, lakini hayo ni maongezi ya siku nyingine.

Jambo la pili la mkonge litakufurahisha. MFA uliporefushwa mara ya mwisho kwa upana, mwaka 1986, uliingiza nyuzi za mimea ambazo awali hazikuguswa, na wauzaji wa jute na mkonge wakatishika. Wakapigania msamaha wakaupata, ukaandikwa tena katika kiambatisho cha mkataba wa 1995: mifuko, magunia, kamba, mikeka, mazulia na mabegi ya safari, vyote vya nyuzi kama jute, makumbi ya nazi na mkonge, vilivyokuwa vikiuzwa duniani kwa wingi kabla ya 1982, visiwekewe ukomo. Mkonge umetajwa kwa jina lake. Vitambaa vya kufumwa kwa mkono na kazi za asili za nchi zinazoendelea vilipata msamaha pia, mradi vina cheti. Mkataba huo umekwisha muda wake, kwa hiyo huwezi kuupeleka mahakamani. Lakini unaweza kumwambia wakala kwa mdomo mkavu kwamba hata enzi ile dunia nzima ya nguo ilipokuwa imefungwa minyororo, mfuko wa mkonge haukufungwa. (Mwanasheria mkorofi angekubishia kwamba mkoba wa bega wenye bitana ya kanga sio mfuko uliouzwa kabla ya 1982. Mwache abishe.)

Na kuna la leo lenye uzito zaidi. Kama mnunuzi wako yuko ndani ya Umoja wa Ulaya, tangu 2001 Umoja huo unapokea bidhaa kutoka nchi maskini zaidi duniani, Tanzania ikiwemo, bila ushuru na bila ukomo wa idadi. Silaha na risasi tu ndizo zilizoachwa nje. Serikali zao zimeufungua mlango wazi, ila mtu mmoja anataka mkae wenyewe kizingitini.

Basi fanyeni hivi. Mwulizeni wakala, kwa maandishi, nani ameomba karatasi hii: mnunuzi, chama cha wenye viwanda, au ofisi ya serikali. Majibu yake myahifadhi. Mwulizeni "mikoba" maana yake bidhaa ya namba gani ya forodha. Mkoba wa nje ya kitambaa cha mkonge hukaa kwenye 4202, kikapu cha kusukwa hukaa kwenye 4602. Karatasi isiyotaja namba itawabana kwa vyote. Mwulizeni mkikataa kutatokea nini, maana jibu la hapo ndilo litakalowaambia kama ni hiari. Na mnunuzi akitaka kununua mikoba 500 tu, ni haki yake, aandike oda ya 500. Hiyo ni biashara. Kuwataka wanne mnaoshindana mkubaliane kutozidisha, hata kwa wanunuzi wengine, ni kitu tofauti, na kinaweza kuwaingiza ninyi wenyewe matatani: hapa kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume yake, FCC, na huko Ulaya sheria ya ushindani haipendi makubaliano ya kupunguza bidhaa sokoni hata yakitiwa sahihi Ngamiani. Pitieni FCC kabla ya lolote.

Mkigundua kuna mkono wa serikali, pelekeni wizara yenye dhamana ya biashara. Sitakudanganya kwamba kesi itafunguliwa kesho. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyowahi kufungua kesi WTO, na Baraza la Rufaa lililomnusuru Mkosta Rika limekwama tangu Desemba 2019 kwa kukosa majaji. Lakini Geneva kuna kituo cha ushauri wa sheria za WTO, kilichoanza 2001, ambacho nchi kama yetu hupata ushauri wake bure, na swali likiulizwa kwenye kamati na balozi, jina la anayeomba linaandikwa kwenye kumbukumbu mbele ya nchi zote. TSB ilitufundisha kwamba hilo nalo hulegeza kamba.

Halafu ile karatasi uipige picha kurasa zote, na nyuma kama kuna maandishi, unitumie. Nataka kuuona mstari wa "kwa hiari yetu" umewekwa juu ya sahihi au chini yake.